Maisha ya Sheikh Yusuf wa Makassar (1626–1699)

Nchi nyingi zilizo mbali na Makka na Madina zilipata dini ya Kiislamu kwa njia ya bahari. Wafanyabiashara walisafiri kwa pepo za msimu, wakakaa katika bandari za wenyeji miezi mingi wakingoja upepo wa kurudia, wakaoa huko, wakajenga misikiti midogo, na nyuma yao wakaja walimu. Ndivyo ilivyokuwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kutoka pwani hiyo misafara ikaichukua dini mpaka nchi za Maziwa. Na ndivyo ilivyokuwa pia katika visiwa vya Indonesia, ambayo leo ni miongoni mwa nchi zenye Waislamu wengi kabisa duniani.

Katika wanavyuoni wa visiwa hivyo yuko mmoja ambaye maisha yake yalianza upande wa mashariki wa bahari na yakaishia katika ardhi ya Afrika. Huyo ni Sheikh Yusuf wa Makassar, Mwenyezi Mungu amrehemu. Khabari zake zinafaa kusomwa na kila jamaa ndogo ya Waislamu inayokaa kati ya watu wengi wasiokuwa wa dini yao, kwa kuwa alama yake iliyodumu zaidi katika Afrika aliiacha wakati alipokuwa hana mamlaka, hana mali, wala hana nchi.

Nchi aliyozaliwa

Kusini mwa kisiwa cha Sulawesi palikuwa na falme mbili zilizoshirikiana kama ndugu, Gowa na Tallo, na bandari yao ikiitwa Makassar. Karafuu na kungumanga kutoka visiwa vya Maluku zilipita hapo, zikabadilishwa kwa mchele na nguo. Wafanyabiashara wa Kimalayu walihamia bandari hiyo katika karne ya 16, wakapewa mahali pa kukaa na ruhusa ya kusali. Kwa miaka mingi wafalme wa Gowa walikaa na wageni hao Waislamu, wakala nao na wakafanya nao biashara, na wao wenyewe wakabaki katika dini ya wazee wao. Hapana aliyewaharakisha.

Mwaka 1605 mtawala wa Tallo, Karaeng Matoaya, ambaye pia alikuwa waziri mkuu wa Gowa, alisilimu. Mfalme kijana wa Gowa akamfuata, akapewa jina la Sultani Alauddin. Wenyeji husimulia kuwa mwalimu wao alikuwa Dato ri Bandang, mtu wa Minangkabau katika kisiwa cha Sumatra, aliyekuja kwa jahazi. Sala ya Ijumaa ya hadhara ilisaliwa mwaka 1607. Ni kweli kuwa baada ya hapo Gowa ilipigana na falme jirani za Wabugisi mpaka Bone nayo ikaikubali dini mwaka 1611. Lakini ndani ya maisha ya watu sharia iliingia kwa upole. Mila za Wabugisi na Wamakassar zilikuwa na nguzo zake za zamani; sharia ikawekwa pamoja nazo kama nguzo nyingine, na kadhi, imamu na khatibu wakapata nafasi zao kando ya wakuu wa nchi.

Bandari ilikuwa wazi kwa kila mtu. Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya Hindi ilipotaka biashara ya viungo iwe yake peke yake, na wengine wazuiwe kusafiri mpaka Maluku, Sultani Alauddin alikataa. Aliwajibu kuwa Mwenyezi Mungu ameigawa nchi kavu kwa watu, lakini bahari ni ya wote, na kwamba hajapata kusikia mtu akikatazwa kusafiri baharini. Hayo yalikuwa mwaka 1615. Fitina iliyotokana na shauri hilo ndiyo iliyokuja kuyageuza maisha ya Sheikh Yusuf.

Kuzaliwa kwake na masomo ya kwanza

Sheikh Yusuf alizaliwa tarehe 3 Julai 1626, sawa na mwaka 1035 wa Hijra. Dini ilikuwa na miaka 21 tu katika nyumba ya ufalme wa Gowa, basi alikuwa katika kizazi cha kwanza kilichozaliwa ndani ya Uislamu. Watu wa kwao humhesabu kuwa na udugu na nyumba hiyo ya wafalme. Alisoma Kurani kwa mwalimu wa kwao aitwaye Daeng ri Tasammang, kisha akasoma kwa masharifu wa Kiarabu waliokuwa wamehamia huko, mmoja katika mji wa Bontoala na mwingine katika mji wa Cikoang. Hivyo tangu utoto wake alikutana na ilimu katika sura zake mbili: mwalimu wa nyumbani asemaye lugha ya mama, na mgeni aliyeletwa na merikebu.

Safari za kutafuta ilimu

Tarehe 22 Septemba 1644, akiwa kijana wa miaka 18, alipanda jahazi la wafanyabiashara akaondoka Makassar. Mtu aliyetaka ilimu katika siku zile alikwenda na mizigo ya watu. Palipokaa bidhaa ndipo alipokaa naye, na upepo ndio uliokuwa ratiba yake. Alitua kwanza Banten, magharibi mwa kisiwa cha Java, mji uliotajirika kwa pilipili manga. Hapo alifanya urafiki na mrithi wa ufalme, ambaye mwaka 1651 alikalia kiti na akajulikana kwa jina la Sultani Ageng Tirtayasa. Urafiki huo wa ujanani haukuvunjika mpaka mwisho.

Kutoka Banten akaendelea magharibi. Tarika ya Qadiriyya aliipokea kwa Sheikh Nuruddin ar-Raniri, mwanachuoni wa asili ya Gujarat katika Bara Hindi aliyekuwa maarufu katika ufalme wa Aceh. Katika Yemen akapokea tarika ya Naqshbandiyya, na kwa masharifu wa huko akapokea ya Ba Alawi, ambayo imejulikana sana pwani ya Afrika ya Mashariki pia. Akahiji. Katika Madina akasoma kwa Sheikh Ibrahim al-Kurani, Mkurdi aliyekusanya wanafunzi wa pande zote za dunia, wakiwamo wengi ambao Waarabu wakiwaita Wajawi, yaani watu wa visiwa vya mashariki. Kisha akenda mpaka Damascus katika nchi ya Sham, na huko Sheikh Ayyub al-Khalwati akamwingiza katika tarika ya Khalwatiyya na akampa lakabu ya Taji, ambayo alijulikana nayo mpaka mwisho. Yeye mwenyewe akawa mwalimu, na Wajawi waliokuwa Makka wakahudhuria darsa zake.

Mafundisho yake yalikuwa ya kadiri. Alishikilia kuwa mtu hawezi kudai siri za ndani hali anaacha amri za nje. Sharia na tasawufi kwake zilikuwa kama mwili na roho, kimoja hakisimami bila ya kingine. Neno hilo lilikuwa na maana kubwa katika visiwa vya kwao, ambako watu walikuwa hodari wa mambo ya siri na mizimu, na mwalimu asiye mwangalifu angaliweza kuwaacha humo kwa jina la dini.

Mufti wa Banten

Alipokwisha kukaa katika nchi za Waarabu kiasi cha miaka 20, alirudi mashariki, na makao yake yakawa Banten. Makassar aliyoiacha ilikuwa katika mashaka. Mwaka 1667 Gowa ililazimishwa kutia sahihi mkataba na Waholanzi wa kuwafukuza wafanyabiashara wengine, na mwaka 1669 ngome yake kubwa ya Somba Opu ilibomolewa. Bandari iliyokuwa ya watu wote ikawa ya Kampuni. Watu wengi wa Makassar wakahama na jamaa zao, wengine wakakimbilia Banten.

Banten basi ikawa bandari kubwa iliyobaki huru katika Java. Sultani Ageng alikuwa akipeleka merikebu zake mwenyewe mpaka Bara Hindi na Manila, na Waingereza, Wadenishi na Wafaransa walikuwa na maduka yao katika mji wake. Alimpokea rafiki yake wa zamani, akamwoza binti yake, akamfanya mshauri wake mkuu katika mambo ya dini. Wanafunzi walimjia kutoka visiwa mbalimbali. Mmoja wao alikuwa Abdul Basir, kipofu, aliyeichukua tarika ya Khalwatiyya akaieneza Sulawesi ya Kusini. Sheikh mwenyewe hakurudi tena nyumbani, lakini mafundisho yake yalirudi kwa ulimi wa mwanafunzi asiyeona.

Vita vya baba na mwana

Sultani Ageng alikuwa na mwana, Abdul Qahhar, aliyesafiri Makka mara mbili na kwa ajili hiyo akaitwa Sultani Haji. Baba alitaka bandari ibaki wazi kwa wote. Mwana aliona heri kupatana na Waholanzi wa Batavia. Hitilafu hiyo ikawa uadui, na mwaka 1682 baba alimzingira mwanawe katika mji. Mwana akaomba msaada wa Kampuni. Waholanzi wakaja kwa merikebu na askari, wakamwokoa, na ujira walioutaka ni biashara yote ya Banten na kuondolewa kwa Wazungu wengine. Kile ambacho Kampuni haikukipata kwa miaka mingi kwa nguvu zake, ilikipata kwa ugomvi wa nyumba moja.

Sheikh Yusuf alisimama na Sultani mzee. Alikuwa na umri wa miaka 56, mtu wa vitabu na uradi, naye akaingia msituni pamoja na maelfu ya watu wa Banten, Makassar na Bugis. Mwezi wa Machi 1683 Sultani Ageng alijisalimisha. Akapelekwa Batavia, na huko akafa mwaka 1692. Sheikh aliendelea katika milima ya Java ya magharibi, akizungukwa na kupungukiwa na watu kila mwezi, mpaka Desemba 1683. Inasimuliwa kuwa adui walimkamata binti yake kwanza, ndipo baba akatoka. Akatiwa kifungoni Batavia.

Kisiwa cha Sarandibu

Waholanzi waliogopa kumwua na waliogopa kumweka karibu. Mwezi wa Septemba 1684 walimpeleka katika kisiwa cha Sarandibu, ambacho siku hizi ni nchi ya Sri Lanka, pamoja na wake zake wawili, watoto wake na wanafunzi wake 12. Walidhani kuwa bahari itamtenga na watu wake.

Bahari ilifanya kinyume. Sarandibu ilikuwa katika njia ya mahujaji. Majahazi yaliyotoka visiwa vya mashariki kwenda Makka yalitua hapo, na abiria waliteremka kumwamkia Sheikh, kusoma kwake na kumwomba dua. Waliporudi walichukua barua na vitabu vyake mpaka Banten na Makassar. Wanavyuoni wa Bara Hindi nao walimtembelea. Mmoja wao alimwomba amwandikie kitabu, naye akaandika Safinat an-Najah, maana yake ni Jahazi la Wokovu, ambamo ameeleza silsila za tarika alizozipokea. Wafalme wa Gowa waliomba arudishwe kwao, hawakukubaliwa. Alikaa huko kiasi cha miaka tisa. Kampuni ilipotambua kuwa mfungwa wake angali anasikilizwa katika kila bandari, iliamua kumpeleka mahali ambapo jahazi la mahujaji halipiti.

Rasi ya Afrika

Mahali hapo palikuwa Rasi ya Tumaini Jema, katika ncha ya kusini ya Afrika. Tarehe 2 Aprili 1694 merikebu iitwayo Voetboog iliingia katika ghuba ya Cape Town, na ndani yake alikuwamo Sheikh Yusuf, umri wake miaka 67, pamoja na wake zake, watoto, wanafunzi na wafuasi. Wote jumla walikuwa watu 49. Liwali wa Rasi, Simon van der Stel, alimpokea kwa heshima. Lakini Kampuni haikutaka akae mjini. Mwezi wa Juni akapelekwa katika shamba la Zandvliet, karibu na mdomo wa mto Eerste, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, kati ya vilima vya mchanga na upepo wa bahari.

Katika Rasi walikuwako Waislamu kabla yake. Kampuni ilikuwa ikileta watumwa na wafungwa kutoka Java, Sulawesi, Bara Hindi na Madagaska, na baadhi yao walikuwa Waislamu. Lakini walikuwa wametawanyika katika nyumba na mashamba ya mabwana mbalimbali, kila mmoja na lugha yake, wala hawakuwa na imamu wala mahali pa kukutana. Sharia ya Kampuni haikuruhusu ibada ya hadhara isiyokuwa ya Kanisa lao. Dini ya watu wa namna hiyo huweza kufa pamoja nao. Mtoto hukua akijua kuwa babake hakula nguruwe, lakini hajui kwa nini.

Zandvliet ikawa dawa ya upungufu huo. Shamba lililochaguliwa ili kumficha Sheikh likawa mahali pa kujificha wengine. Watumwa waliotoroka waliifuata njia ya vilima vya mchanga wakafika kwake, na katika nyumba yake wakakuta watu wanaosali jamaa, wanaosoma Kurani, wanaowafundisha watoto. Hakuwa na msikiti wa mawe wala ruhusa ya kuadhini mbele ya watu. Alikuwa na nyumba, wanafunzi wachache na subira. Wazao wa Waislamu wa Rasi huihesabu jamaa hiyo ya Zandvliet kuwa ndiyo jamaa ya kwanza ya Kiislamu iliyopangika katika Afrika ya Kusini. Mahali penyewe pakaitwa Macassar kwa ajili ya watu wake, na jina hilo lipo mpaka leo.

Kufa kwake na makaburi yake

Sheikh Yusuf alifariki Zandvliet tarehe 23 Mei 1699, katika Mfunguo Pili wa mwaka 1110 wa Hijra, naye alikuwa na umri wa miaka 72. Alizikwa katika kilima karibu na makao yake. Miaka 55 ilikuwa imepita tangu alipopanda jahazi la Makassar, na nchi yake hakuiona tena akiwa hai akiwa na nafasi ya kuitumikia.

Watu wa Gowa hawakunyamaza. Waliomba tena kwa Kampuni, na safari hii wakakubaliwa, kwa kuwa maiti haikuogopwa kama alivyoogopwa aliye hai. Mwaka 1704 jamaa zake wengi waliruhusiwa kuondoka Rasi, na mwezi wa Aprili 1705 mabaki ya mwili wake yalifika Gowa, yakazikwa Lakiung kwa heshima kubwa. Huko anaitwa Tuanta Salamaka, yaani bwana wetu mwenye baraka. Waislamu wa Rasi nao hawakuliacha kaburi la Zandvliet, na mwaka 1925 likajengewa kuba. Hivyo Sheikh mmoja anazuriwa katika pande mbili za bahari moja.

Yaliyobaki baada yake

Baada ya jamaa zake kurudi, watu wangalifikiri kuwa taa imezimika. Haikuzimika, kwa sababu waliobaki walikuwa wamekwisha kujifunza kukutana. Mwaka 1780 alifikishwa Rasi mfungwa mwingine, Imamu Abdullah bin Kadhi Abdussalam wa kisiwa cha Tidore, aitwaye Tuan Guru, akafungwa katika kisiwa cha Robben. Alipofunguliwa alifungua madrasa Cape Town mwaka 1793, na kabla ya karne hiyo kwisha msikiti wa kwanza, Auwal, ulikuwa umesimama. Ruhusa ya ibada ya hadhara ilitoka mwaka 1804. Vijana wa madrasa za Rasi wakaja kuandika lugha yao ya Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, kama Wamalayu walivyoandika yao, na kama Waswahili walivyoandika Kiswahili. Kila watu waliipokea dini moja, wakaisema kwa ulimi wao.

Mwaka 1994 Waislamu wa Afrika ya Kusini waliadhimisha miaka 300 tangu kufika kwake, katika mwaka ule ule ambao wananchi wote wa nchi hiyo walipiga kura kwa mara ya kwanza bila ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1995 Indonesia ilimtangaza kuwa shujaa wa taifa, na mwaka 2005 Afrika ya Kusini ikampa nishani ya Oliver Tambo. Nchi mbili zikamheshimu mtu ambaye Kampuni ilimhamisha mara mbili ili asahauliwe. Kampuni yenyewe ilivunjika mwisho wa karne ya 18, na merikebu zake hazipo. Darsa lililoanzwa katika mchanga wa Zandvliet lingali linasomwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Yusuf, awarehemu na wale wasiojulikana majina yao, mabaharia, wachuuzi, wanawake wa bandarini na watumwa, ambao kwa mikono yao dini ilivuka bahari. Amin.